Ekari ya Mzee Johana

Chepkurui alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na minne katika shule ya msingi karibu na Merigi, na miaka yote hiyo alifundisha jinsi alivyofundishwa: fimbo mezani, jedwali ukutani, watoto wakiimba majibu kwa sauti moja. Aprili ya 1998 alipelekwa Kericho kwa mafunzo ya wiki moja. Siku ya kwanza mkufunzi aliwauliza walimu arobaini swali dogo: ukitaka eneo, kwa nini unazidisha urefu kwa upana? Hakuna aliyejibu. Chepkurui alitazama viatu vyake. Alikuwa amechapa watoto wangapi kwa kukosa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua?

Alirudi, fimbo akaiacha ofisini. Darasa la saba likaanza kuhesabu kwa vifuniko vya soda, kukunja karatasi, kufunga vijiti kwa mpira wa tyubu. Wazazi waliopita barabarani walisema mwalimu amechoka na kazi. Hakujali sana. Alikuwa mtoto wa Johana arap Koros, na jina hilo halikuchezewa pale. Mzee ndiye aliyekatia shule uwanja wa michezo kutoka shamba lake, na langoni palikuwa na saruji iliyoandikwa: EKARI MOJA. ZAWADI YA JOHANA ARAP KOROS, 1974. Alipokufa, watu walisimama juu ya ile saruji wakitoa hotuba.

Basi siku ya kupima ekari, mwalimu angewapeleka wapi kwingine? Aliwapa kamba ya katani yenye fundo kila mita, akawaambia wahakikishe.

Uwanja ule ulifuata mteremko, kwa hiyo ulikuwa umelala upande kama kisanduku cha kiberiti kilichokanyagwa. Watoto walipima pande zote nne: mita sitini na nne kila upande. Wakafurahi: sitini na nne mara sitini na nne ni ekari na ziada kidogo. Kisha Bonareri, binti wa mchuma chai kutoka Kisii, msichana ambaye hakuwahi kuinua mkono tangu darasa la nne, akachukua kamba na kuivuta moja kwa moja, kwa njia fupi kabisa, kutoka mpaka wa juu hadi wa chini, kwenye ua wa chai ya mzee. Mita arobaini na nane.

"Mwalimu," alisema, "hii si ekari. Ni robo tatu."

Mwenzake Kipngetich akacheka hadi akakaa chini. "Saba mara nane inakushinda, na leo umekuwa wa kupimia mzee shamba?"

"Pimeni tena," Chepkurui alisema.

Walipima tena. Arobaini na nane. Akawaambia wapime mara ya tatu, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, maana ilikuwa ile ya zamani, ya fimbo. Bonareri hakubishana. Alitoa mfukoni vile vijiti vinne vya jana, vilivyofungwa mraba, akavisukuma kwa kidole hadi vikalala upande.

"Vijiti ni vilevile," alisema polepole. "Ndani ndiyo imepungua."

Chepkurui alivichukua vile vijiti. Somo hilo alilifundisha yeye jana, kwa vijiti hivyohivyo. Alikuwa amecheza uwanja huo tangu utoto, na hakuwahi kuoanisha uwanja huo na somo hilo. Akawarudisha watoto darasani bila kuandika jibu ubaoni.

Mwalimu mkuu, Gibson, alimngoja mlangoni. "Sema kamba ililowa. Katani ikilowa hujivuta, kila mtu anajua hiyo. Wewe utaaibisha baba yako kwa sababu ya kipindi kimoja?"

Saa kumi alipitia kwa mamake. Rebeccah, mjane wa mzee, alikuwa amekwisha kupata habari. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, naye hakumkaribisha.

"Nimesikia mnampima baba yako."

"Mama, nilikuwa nafundisha eneo."

"Ekari ni hatua sabini kwa sabini. Alitembea mbele ya macho yangu, sabini mara nne. Mimi nilikuwa nahesabu. Na mimi si mtu wa kuhesabu vibaya, nilisoma mpaka darasa la nane wakati wasichana walikuwa wanafichwa nyumbani."

"Mlihesabu sawa, Mama. Kila upande uko sawa."

Chepkurui aliweka vijiti mezani, mraba mzuri. Mama akavitazama, kisha akavisukuma kwa kidole. Vikalala. Akavisimamisha, akavisukuma tena. 

"Watasema alidanganya," alisema mwishowe.

"Nikisema kamba ndiyo mbaya, yule msichana hatainua mkono tena. Na wenzake watapima wenyewe wakiwa wakubwa, sisi hatuko."

Mama aliinuka. Alichukua vijiti, akaingia navyo chumbani, akafunga mlango.

Asubuhi Chepkurui aliandika ubaoni jibu la Bonareri: 3,072. Chini yake: robo tatu ya ekari.  Alipogeuka, mamake alikuwa amesimama mlangoni amevaa gauni la kanisa, vijiti mkononi. Darasa lote likasimama.

"Nani alisema si ekari?"

Bonareri alijitokeza.

"Imepungua kiasi gani?"

"Mita kumi na sita, ukienda upande wa chai."

"Leteni kamba."

Hakuna aliyesogea hadi aliposema mara ya pili. Walimfuata nje, na Gibson akatoka ofisini mdomo wazi. Rebeccah alifungua waya wa ua kwa mikono yake, akaingia ndani ya chai aliyoipanda na mumewe, akahesabu mistari. Kumi na mitatu, karibu mita kumi na sita. Akasimama kwenye wa mwisho, akashika ncha ya kamba.

"Mpaka hapa ni ya shule," alisema. "Ile saruji isiguswe. Mzee alisema ekari."

Ncha nyingine ilikuwa mkononi mwa Bonareri. Msichana aliinama, akafumba jicho moja, akaitazama kamba yote.

"Nyanya, vuta," alisema. "Imelegea."

Watoto waliganda. Pale Merigi hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyewahi kumwamuru mke wa Johana arap Koros. 

Mama akavuta.