Rola na Lola

Jumatatu, Aprili 1998. Mvua ilianza kabla watu hawajaamka ikanyesha mpaka saa nne, ile mvua ya Jinja isiyo na upepo, inayosimama wima tu na kumwagika.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku tulipowekewa programu mpya ya kuchorea. Niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye nyumba za askari magereza ambako baba alifanya kazi, kwa hiyo nikikosea nisamehewe. Ninachojaribu ni kutomwonea mtu.

Karakana yetu ilitengeneza mashine za kukoboa kahawa. Mimi nilikuwa mchoraji: nachora kipande, karatasi inashuka chini kwa mafundi, wao wanakata chuma. Miaka mitatu nilichora kwa programu ya zamani. Kioo cheusi. Ukitaka mstari, unaandika neno. Ukitaka mchoro wa jana, unaandika jina lake kutoka kichwani, na usipolikumbuka shauri yako. Sikuielewa yote, ila niliizoea, kama mtu anavyomzoea bosi mkali.

Ile mpya aliileta mwenzangu wa chumba cha michoro, dada mmoja wa Mbale, aliyekuwa ametumwa Kampala kujifunza. Alikuwa amepitia kwao, na mfuko wake wote ulinuka moshi wa malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayokausha Wagisu.

"Kaka, usiiogope. Haiumi."

"Hata ya zamani haikuuma."

"Ya zamani ilikuuma sana. Ulizoea tu."

Nimpe haki yake: alinifundisha bila kunifanya mjinga. Kipanya kilipoteleza mkononi mwangu, mshale ukapotelea kona ya kioo, yeye alitazama dirishani mpaka nikaupata. Na programu yenyewe, sijui niisifu vipi. Unasogea karibu na skrubu mpaka unaona meno yake, kisha unarudi nyuma na mashine nzima inakaa mbele yako. Ukikosea, unarudisha hatua moja, ya pili, ya kumi, na haikusemi.

Kilichoniteka kabisa ni picha ndogo. Tulifungua kila mchoro wa zamani na kuuhifadhi upya, na baada ya hapo, ukigusa jina tu, picha yake inajitokeza pembeni kabla hujaufungua. Miaka mitatu nilikuwa naita majina kama mtu anayeita watoto gizani. Siku hiyo waligeuka, wote wakanionyesha nyuso zao.

Ndipo yule dada akacheka. "Kaka, huyu Lola ni nani? Bibi mdogo?"

Nilitazama. LOLA. Juu kidogo ya ROLA.

Sisi Wasoga R mwanzoni mwa neno haitukai ulimini. Nilipochora rola ya mashine moja ya Mbale, lile gogo la chuma linalozunguka ndani na kukoboa, mwaka mmoja na ushei nyuma, niliandika jina kama ninavyolisema: LOLA. Baadaye wenye mashine walituma vipimo vipya, rola ipunguzwe urefu. Bosi, Singasinga mmoja mzaliwa wa Jinja, alisimama begani kwangu akitamka "rola", nami kwa heshima nikaandika alivyotamka. Kwa hiyo zikawa mbili, moja ndefu na moja fupi, nami sikujua. Siku ya kuchapa karatasi nilikuwa peke yangu, nikaliita jina kwa ulimi wangu.

Dada aligusa jina moja, kisha la pili. Picha mbili. Hata mtoto angeona ipi ndefu.

"Ile iliyokataa kuingia Mbale..." alianza kusema.

Aliyekereza ile rola tulimwita Afande. Alikuwa mtu wa kaskazini, mwanajeshi wa zamani, na ufundi alioupata jeshini ulikuwa wa kukereza mpaka chuma kinang'aa kama kijiko. Rola ilipokataa kuingia, bosi alirudi kutoka Mbale na kumfokea mbele ya karakana nzima. Afande alisema mara tatu: "Mimi nimefuata karatasi." Lakini karatasi ilikuwa imebaki Mbale, imelowa oili, imetupwa. Bosi akapanda kwangu: nionyeshe mchoro wa rola. Na kwa kuwa alikuwepo, niliandika R. Ikaja ile fupi, vipimo sawasawa. Afande akaondolewa kwenye mashine ya kukereza, akapelekwa kukata vyuma vya mageti.

Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli. Lakini nilimwona Afande ameshusha macho, na moyoni nilifurahi kwamba karatasi yangu ilikuwa safi.

Kidole cha yule dada kilikuwa juu ya kibodi. "Naifuta, ama naiacha? Sema wewe."

Sitaki kujipamba. Nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kisha nikamwambia achape zote mbili.

Nilimpelekea bosi, nikamweleza, naye alizitazama karatasi mpaka nikaanza kusikia kila nyundo ya chini. Akasema, "Mimi pia sikuangalia karatasi kabla chuma hakijakatwa." Akavaa viatu vyake. "Nilimsema mbele ya watu wote. Twende mbele ya watu wote."

Chini mashine zilizimwa. Nilisema kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya Afande, ingawa wengine pale waliichukia, kwa kuwa ndiyo lugha ya wanajeshi waliowatesa zamani.

"Afande, karatasi ilikuwa mbaya. Ni mimi."

Hakusogea. "Mimi nilisema."

"Ulisema."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Hiyo kompyuta mpya ndiyo imesema?"

"Ndiyo."

"Nataka kuiona."

Akapanda, akapangusa buti mlangoni, akainama mbele ya kioo. Dada alimwekea mkono juu ya kipanya. Aligusa LOLA, akagusa ROLA, akarudi LOLA. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Nyinyi Wasoga! Hiyo L yenu imenikatisha mageti mwaka mzima!"

"Samahani, Afande."

"Sema rola."

"Lola."

Hata bosi alicheka. Kisha akamwambia Afande, bila kumtazama sana, kwamba Mbale wanataka mashine ya pili, na rola yake aikereze yeye. Afande hakushukuru, na sioni kwa nini angeshukuru. Alisema tu, "Kesho nipe karatasi. Nitaisoma kwa sauti, na wewe utasikiliza."

Nyumbani Mafubira nilimweleza mke wangu yote. Mwaka mzima alikuwa akimsalimia mke wa Afande, jirani yetu, kwa nusu mdomo, kwa sababu yangu. Aliendelea kukoroga chungu. Yule dada alikuwa amenifungia malewa kiasi, tukayala na ndizi za kupika, kwenye mchuzi mzito wa karanga. Kabla ya kutupakulia, mke wangu alijaza bakuli moja, akalifunika, akaenda nalo mwenyewe kwa Afande, na sisi tukala aliporudi.