Gari la Mfano la Masatu Burito

Masatu Burito alibuni mitambo ya reli kwa miaka mingi, ingawa alizaliwa na kuzikwa mahali ambapo reli haijapata kufika. Alitoka Bukima, akapita shule ya ufundi, hatimaye akapata meza katika ofisi ya usanifu ya reli mjini Nairobi. Hapo alichora vichwa vya treni: pua zake, kibanda cha dereva, njia za kupitishia upepo. Hakuna hata kimoja kilichopata kuundwa. Vichwa viliagizwa ng'ambo vikiwa vimekamilika, na michoro yake ikaishia kabatini. Baada ya Azimio la Arusha alirudi Musoma, mvi zikianza kuchungulia, akiwa na shauku moja tu: aone, kabla hajafa, kitu alichokichora kikitembea.

Nafasi ilikuja mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini. Aliombwa abuni gari jepesi la kubebea mazao katika udongo mweusi wa Bunda, ule unaomeza magurudumu. Aliliunda katika karakana moja ya Mwisenge, Musoma, kwa injini ya trekta kuukuu na bodi ya mbao. Pua yake ilikuwa ndefu, maana mkono haukusahau ulikotoka. Watoto wakaliita Kinda la Treni. Ahadi ilikuwa wazi. Wakati wa mavuno wangekuja wakaguzi kutoka Dar es Salaam. Likifikisha shehena ya pamba kiwandani, yangeundwa mengine kwa vijiji vyote. Likishindwa, basi.

Kabla ya kulipeleka katika kijiji kimoja cha Bunda, lifanyishwe kazi hadi mavuno, Masatu alichovya brashi akaandika mlangoni kwa herufi nzuri: GARI LA MFANO. Kule ofisi ya reli, mfano ulikuwa kile kitu cha kwanza, kinachoundwa ili kiteswe na kuvunjwa, kasoro zake zijulikane kabla ya kuunda cha pili. Hakufikiri kwamba huku neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Palikuwa na shamba la mfano, choo cha mfano, kijiji cha mfano. Na mfano huonyeshwa wageni.

Aliporudi kijijini katikati ya msimu wa mvua, alilikuta chini ya banda jipya la mabati, limeoshwa, limezungushiwa kamba.

"Limebeba mzigo mara ngapi?" alimuuliza Makongoro, mwenyekiti wa kijiji.

"Mzigo? Mizigo tunabebaga kwa mikokoteni. Hili ni la mfano, mzee. Haliendagi matopeni."

"Ndugu Mwenyekiti, nataka liende matopeni. Nataka liharibike."

Watu waliangua kicheko. Mama Wegesa, aliyekuwa akifagia banda, akadakia: "Yaani mtoto umzae mwenyewe, halafu umwombee avunjike mguu?"

"Avunjike sasa, nikiwa karibu."

Makongoro hakucheka. "Chunga ulimi, mzee. Kuharibu mali ya kijiji kunaitwaga hujuma."

Miaka ile, neno hilo peke yake lilitosha kumfunga mtu. Masatu akaondoka. Alizitilia shaka pini zinazoshikilia springi za nyuma, lakini bila mzigo na njia mbovu hakuwa na namna ya kujua. Nyumbani kwake, mtaa wa Nyasho, alimsimulia mkewe, Tereza.

"Baba Esta," alisema Tereza, "si ungeandika tu Gari la Majaribio?"



Wakaguzi walikuja. Magunia yalipakiwa, vigelegele vikapigwa, gari likatoka. Karibu na mlima wa Balili, Masatu, aliyeketi kando ya dereva, alisikia mlio mmoja mkavu nyuma, kama ukuni unaovunjwa gotini. Alifumba macho kabla gari halijainama. Hakuna aliyeumia, pamba tu ilitapakaa vumbini.

"Hamkulijaribu?" mkaguzi aliuliza.

"Tulilitunza, Ndugu," Makongoro alijibu, fahari yake ikianza kutetemeka. "Halikuwa na hata mkwaruzo."

Pini iliyokatika ingebadilishwa kwa nyingine nene zaidi, kazi ya asubuhi moja. Masatu aliwaeleza hivyo. Walimsikiliza kwa heshima wanayopewa wafiwa, wakaondoka, wasirudi tena.

Ng'ombe walilivuta gari hadi bandani, likaoshwa. Sabasaba iliyofuata Masatu alialikwa kuwa mgeni wa heshima. Alisimama ndani ya kamba akipigiwa makofi, kisha akainama na kupapasa chini ya springi ya nyuma. Pini ilikuwa bado imekatika. Mlangoni, mtu alikuwa amezipaka upya herufi zake, nazo ziling'aa.