Vidole Vyekundu vya Khem Kaur

Khem Kaur alikuwa mjane wa mtaa wetu hapa Amritsar, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi picha za wapenzi. Fundi Jodh alichonga ubao, akauchapa kwenye karatasi kwa wino mweusi, kisha Khem Kaur akapita na kitambaa: manjano kwa kilemba cha kijana, nyekundu kwa sketi ya binti anayevuka mto usiku kumfuata mpenzi wake. Mahujaji waliokuja hekaluni walizinunua kama njugu. Hiyo nyekundu ndiyo iliyomponza. Ilimganda vidoleni, ukimwona unadhani kapaka hina, na mjane na hina wapi na wapi?

Picha hizo ndizo zilizomlea Basanti, bintiye, na Basanti alilijua hilo vizuri. Lakini siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kumvika shela jekundu la uchumba, alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, kaa huku huku. Wakiiona hiyo mikono watasema nini?"

"Nimeisugua kwa majivu, mwanangu. Na ndimu pia."

"Haijatoka. Nakuomba, usiniharibie."

Khem Kaur akakaa. Mimi jirani yake nilikuwa nakaanga mikate pale pale. Mkono uliniwasha nimzabe yule msichana kofi, ila si mtoto wangu, nikageuza mkate.

Sebuleni, Ishar Kaur, mama wa bwana harusi, alishika ladu tamu mkononi. Kwetu mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi hulishana, ndipo uchumba unakamilika.

"Mama yako yuko wapi?"

"Anaumwa," Basanti akajibu.

"Basi nitamfuata alipo."

Akaingia kabla hatujajipanga. Khem Kaur akaitumbukiza mikono kwenye unga.

"Unaumwa nini, mkwe wangu?"

"Tumbo tu," akasema, akimsitiri mwanawe.

Ishar Kaur akamshika mikono ampe pole, akaipangusa unga kwa ncha ya mtandio wake. Wekundu ukatokea. Akautazama, akamtazama Basanti mlangoni, akaelewa. Alimwekea ladu kwenye vidole vile vile, akafungua mdomo, akangoja kulishwa.

Basanti aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akainamisha kichwa, na hakukiinua tena mpaka wageni walipoondoka. Mashangazi wa bwana harusi walifurahi mno. Njia nzima walimsifu Basanti kwa malezi mema: msichana hathubutu hata kumtazama mama mkwe usoni.