Ubao wa Makaa na Matembele

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na kila jirani akiponda matembele mabichi, mimi huikimbia harufu yake, hutoka nje kutembea. Shuleni kwetu Lubumbashi tulitumia majani hayo na unga wa makaa kupaka ubao uliochakaa uwe mweusi tena. Siku moja, kwa haraka yangu, nilipaka juu ya maswali ya mtihani aliyoyaandika mwalimu. Nilikimbilia bombani kunawa. Mwenzangu wa benchi aliendelea kupaka.

“Bote, mikono juu!” mwalimu alifoka alipokuta maswali yake yamefunikwa. Darasa zima tuliinua.

Ya mwenzangu tu ilikuwa myeusi. Alichapwa akinitazama.

Aliporudi alininong'oneza, “Weye mwenye mikono safi, sogea niikale.”

Nilisogea hadi ukingoni mwa benchi, akakaa. Kengele ilipolia, nilitoka nje wa kwanza.