Uso wa Baba Mkwe

Nimeolewa Ikinga mwaka wa kumi na moja sasa, na hadi siku ile sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Si ugomvi. Katika ukoo wa mume wangu mkamwana hamtazami mkwe. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia majanini. Akitaka kusema nawe humwambia mtu mwingine, nawe unasikia, na ukijibu ni vivyo hivyo. Rafiki zangu wa Tunduma hunicheka. Wacha wacheke.

Mzee alipozidiwa, mume wangu alikuwa Zambia kwenye biashara, na mama mkwe alishafariki. Nikampeleka zahanati mwenyewe, yeye bodaboda ya mbele, mimi ya nyuma. Nesi, mtu wa Pwani, akamlaza kitandani, lakini mzee akashikilia blanketi, akakataa kufunuliwa. "Mficha uchi hazai," nesi akanung'unika, akaisimamisha tableti mezani na kumpigia daktari wa hospitali ya mkoa kwa video.

Nilikaa mbele ya kioo cha tableti, mzee kitandani nyuma yangu. Daktari akamwuliza hali.

"Sijambo, mwanangu," mzee akajibu. Kiswahili chake kiliishia hapo, kwenye salamu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kila swali nilimwambia nesi kwa Kindali, lugha ya ukweni, kana kwamba anakielewa, na mzee akajibu. Ya chakula na homa yakapita salama.

"Muulize, mkojo unatoka?"

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mkwe. Nikauliza kama alilala vizuri. Akasema alilala kidogo.

"Amesema unatoka," nikamwambia daktari. Na nilijua. Tangu juzi sikuwa nimemsikia akienda chooni.

Daktari akaanza kumtajia nesi vidonge vya maumivu. Hapo ndipo nilipoona, pembeni ya kioo, kidirisha kidogo kinachotuonyesha sisi wenyewe. Kichwa changu, na nyuma ya bega langu mzee mwembamba, ameuma meno, mkono ameukandamiza chini ya kitovu, machozi yanamtoka kimya kimya. Ana kidevu cha mume wangu. Nikajichukia.

"Nimekudanganya, daktari. Mkojo hautoki. Siku ya tatu leo."

Nesi akavaa glavu. Akavuta pazia, na safari hii mzee hakukataa; akamwekea mpira wa mkojo, na daktari akaagiza gari la wagonjwa. Nikamsikia mzee akishusha pumzi ndefu, nami nikalia.

Pazia lilipofunguliwa mzee alizungumza Kindali, bila kupitia kwa mtu.

"Mwanangu, umenisemea."

Nilimwona kwenye kidirisha, ametulia, anakitazama kisogo changu. Nikamwitikia humo humo, macho yangu kwenye macho yake.

Kisha daktari akakata simu na kioo kikawa cheusi. Mzee alikuwa hatua mbili nyuma yangu, na sikuweza kugeuka.