Skrubu za Mgongo wa Eucabeth

Eucabeth Nyarangi alikuwa akiuza ndizi za kupika katika soko la Rodi Kopany, zikiletwa na lori kutoka kwao Kisii. Siku moja ya soko alipanda juu ya lori ili achague mikungu mizuri kabla ya wenzake, akateleza, akaanguka chali. Pingili moja ya uti wa mgongo ikavunjika.

Hospitali ya kwanza ilimfunga vyuma na skrubu. Alipozinduka, mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Utaamka wenyewe, wakamwambia. Mvua zikaja, zikaisha, haukuamka. Siku moja kiatu kilimvuka mguuni njiani akienda kanisani, naye akaendelea na mkongojo wake bila kujua. Jirani alipomletea, Eucabeth hakuona aibu. Hakuhisi chochote.

Mumewe, Okari, akampeleka Migori kwa Daktari Lorine, mpasuaji wa mgongo.

"Mama, skrubu hii ilitoka nje ya mfupa," daktari alisema, akiwaonyesha picha. "Inabana mshipa wa fahamu."

Okari akasimama. "Kwa hivyo walimharibu?"

"Ilikosea kwa milimita chache tu. Inatokea. Lakini ingeonekana kama wangepiga picha kabla ya kumshona."

Kutokana na picha hizo, daktari alitengenezewa mfano wa plastiki wa mgongo huo, apime kwanza njia ya kila skrubu kabla ya kumpasua tena. Akampa Eucabeth aushike.

"Huu ni mimi?"

"Ni wewe."

Akaugeuzageuza kama mteja asiye na nia ya kununua, akaurudisha. Aliyelia ni Okari.

Safari hii mashine ilipiga picha mlemle katika chumba cha upasuaji, kabla hajashonwa. Skrubu zote zilikuwa ndani ya mfupa. Baadaye daktari akamgusa wayo kwa kijiti.

"Unasikia?"

"Kisigino, ndiyo. Vidole, hapana."

"Vidole vinaweza kuchelewa. Vinaweza pia visirudi. Mshipa ulibanwa muda mrefu."

"Sawa," akasema Eucabeth.

Alirudi sokoni bila mkongojo, akauza akiwa ameketi. Okari alienda peke yake kulalamika kule hospitali ya kwanza. Akarudi amechangamka: walikuwa wamekubali kosa, na sasa hakuna mgonjwa wa mgongo anayeshonwa kabla ya picha kukaguliwa.

"Umesikia, Mama Beverlyne?" akamwuliza mkewe.

"Nimesikia," akasema, akimpimia mteja ndizi. "Ni vizuri kwa hao wengine."