Nililambwa Siku Nne Kabla ya Harusi

Mbwa aliyekaribia kuniua hakuniuma. Alinilamba mguu, tena kwa upendo, na mimi nikiwa nimelala.

Najua kuna atakayesema natia chumvi. Soma kwanza, halafu uamue.

Ilikuwa mwaka 1976, kwenye kijiji chetu cha ujamaa, kule Mto Ruvuma unapokaribia bahari. Mimi Ismaili nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mchumba anaitwa Somoe, na sina bandama.

Hilo la bandama nilieleze. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikwenda kucheza mpira Likombe. Homa za utotoni zilikuwa zimeivimbisha bandama yangu, mimi sijui. Golikipa akatoka na goti. Bandama ikapasuka, hospitali wakaitoa.

Wakaniambia nitaishi tu.

Nikaishi. Kijijini wakaniita Pungufu.

Baba yake Somoe alikuwa Mwalimu Rashidi, mwalimu wa madrasa. Mtu mpole, ila kwenye usafi hana mzaha. Mbwa akitokea upande huu wa njia, yeye anahamia ule, kanzu kaikunja mkononi. Nimemwona kwa macho yangu, si mara moja.

Na mbwa kijijini alikuwa mmoja tu, wa Lourenco.

Lourenco alivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita. Uhuru wao ulipofika alisema atarudi akishavuna. Atavuna nini, hakusema, na wajukuu zake wako hapa mpaka leo. Mbwa wake alimwita Kapitau. Alikuwa na sikio moja, na kazi yake ilikuwa kufukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo ya kijiji.

Kulinda shamba la ujamaa kulikuwa kwa zamu. Siku nne kabla ya harusi yangu, zamu ikaniangukia mimi na Lourenco.

Asubuhi jembe lilinichuna ugoko. Kidonda chenyewe ukubwa wa kucha. Mchana tukala muhogo wa kuchemsha, nikajilaza kivulini.

Nikaamshwa na kitu cha uvuguvugu.

Kapitau alikuwa anakilamba kile kidonda taratibu, kwa bidii, kama anayeosha sahani ya mgeni.

"Lourenco, mtoe mbwa wako."

"Mwache, bwana harusi. Anakutibu bure."

"Mwalimu akijua, hakuna harusi."

"Atajuaje? Kapitau hasemi Kiswahili."

Akacheka. Kusema kweli na mimi nilicheka.

Nikaenda kisimani nikaosha mguu mara saba, moja kwa udongo, kama Mwalimu mwenyewe alivyotufundisha. Nilihesabu kwa sauti. Nilipofika saba nikaona jambo limekwisha. Sikumwambia mtu.

Nilikuwa nimeondoa najisi, nikadhani nimeondoa kila kitu.

Siku ya pili baridi ikanishika. Nikatapika. Meno yakagongana mpaka shangazi yangu Mwajuma akaja kuuliza nani anatwanga.

"Homa ya harusi hiyo," akasema. "Hata mjomba wako alitetemeka hivyohivyo. Alivyoniona tu, akapona."

"Alivyokuona akapona, au akaacha kulalamika?" jirani akauliza.

Wakacheka, wakanipa klorokwini, wakaendelea kuchambua mchele wa pilau.

Siku ya tatu asubuhi vidole vya miguu vilikuwa vya zambarau, na mikononi nimetokwa na madoa. Yustina, nesi wa zahanati, alinitazama miguu mara moja tu.

"Huyu aende mjini. Sasa hivi."

Usafiri uliokuwepo ni trekta la kijiji, linapeleka korosho Mtwara. Nikalazwa kwenye tela, juu ya magunia. Mwalimu Rashidi alinishika kichwa, Lourenco akanishika miguu.

Homa ilikuwa imenipanda kichwani. Nilicheka njia nzima. Niliona magunia yananiamkia, nikawa nayaitikia moja moja, marahaba, marahaba, hamjambo.

"Anacheka nini?" Mwalimu aliuliza.

"Anafurahia harusi, mzee," Lourenco akasema.

Hospitali tukapokewa na daktari mmoja mama mfupi, anayeongea haraka. Akanifunua tumbo, akaona kovu, mkono ukasimama.

"Hili la nini?"

"Nilitolewa bandama."

"Na mlangoni hukusema?"

"Hamkuniuliza."

"Sasa nakuuliza. Umeumwa na mnyama? Umekwaruzwa? Paka, panya, mbwa?"

Mwalimu Rashidi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, tasbihi mkononi, ananiombea.

"Hapana," nikasema.

"Una hakika?"

"Ninayo."

Lourenco akaanza kuangalia dari. Dari lenyewe halikuwa na kitu.

Daktari akavuta kiti.

"Sikiliza, ndugu yangu. Bandama ni mlinzi wa damu. Wewe huna. Mdudu ambaye mwenzako hata hamsikii, wewe anakumaliza kwa siku mbili. Nikijua kaingilia wapi, nitajua nikuchome nini na kwa wingi gani. Nisipojua, nabahatisha. Na wewe huna siku ya kubahatishwa."

Mimi ni mtu wa kupanga mambo, hata nikiwa mgonjwa. Nikapanga.

Nikinyamaza, nakufa, Somoe anaolewa na mwingine. Nikisema, napona, Somoe anaolewa na mwingine.

Pande zote mbili alikuwa anaolewa na mwingine. Tofauti ni mimi kuwepo kwenye pilau.

"Nililambwa kidonda," nikasema. "Na mbwa."

Daktari alikuwa ameshageuka, anaagiza penisilini na dripu. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Mwalimu.

Tasbihi ikasimama.

"Kapitau?" akauliza.

Jina sikuwa nimelitaja.

"Kapitau halambi ovyo," akaendelea, kama anajisemea. "Mimi hunilamba viganja, lakini pale ni kwa ajili ya vichwa vya samaki."

Lourenco akateremsha macho kutoka darini, taratibu sana.

"Vichwa gani vya samaki, mzee?"

Mwalimu akakohoa. Akatutazama wote, akaona hakuna pa kutokea.

Kumbe shamba lake la mihogo lilipakana na la kijiji. Kila siku, akitoka kuswali alfajiri, alipita huko na vichwa vya samaki ili Kapitau azungukie na mihogo yake. Kisha ananawa mara saba, anarudi madrasa.

"Mbwa wa kulinda shamba hajakatazwa," akasema. "Tunajua tuliosoma."

"Na kule njiani unakomkwepa?" Lourenco akauliza.

"Akiniona ananirukia kwa furaha. Na kanzu ni nyeupe."

Hata daktari alishindwa kujizuia, akageukia ukutani, mabega yanamcheza.

"Kwa hiyo, mzee," nikasema, "ile harusi..."

"Nyamaza uchomwe sindano."

Nilichomwa siku kumi. Nikapoteza ncha ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, basi. Daktari aliniambia jina la mdudu halijui. Anachojua ni kwamba midomo ya mbwa ina wadudu wengi, na wengi wetu hawatufanyi kitu. Baadaye, kwa kusoma mwenyewe kidogo kidogo, nilikuja kuona kwamba ugonjwa wa aina hii ni nadra, na wasio na bandama ndio unaowakamata vibaya.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Tulipobaki wawili, nilimwambia Somoe kila kitu, jinsi nilivyoogopa baba yake atanikataa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkewe Mwalimu alikuwa amefariki zamani, na binti huyu ndiye aliyekuwa akimpikia baba yake.

"Ismaili," akasema, "hivyo vichwa ulidhani nani anavichemsha?"

Nilikaribia kufa nikiificha nyumba ile siri ambayo nyumba nzima ilikuwa inailisha.

Ndugu msomaji, kama huna bandama, au mwili wako umedhoofishwa na maradhi au dawa, usimwache mnyama alambe kidonda chako. Akikiwahi, osha sana, na uende hospitali usisubiri homa. Ukifika sema yote, hata lile unaloona litakuvunjia heshima.

Daktari hakuja pale kuchunguza kama unafaa kuoa.